Koleta Aliitwa Koleta, Sisi Tuliitwa Mama

Vijana wangu wa kitalu, nimeziona fulana zenu. Zinapendeza, kijani kibichi kama jani la mgomba lililofunguka asubuhi. Jumapili baada ya misa mlisimama mbele ya kanisa mkapiga picha kwa simu, mjukuu wangu Devota katikati, anacheka meno yote. Nikafurahi. Kisha nikaona wivu. Mimi nimefanya kazi ya miche miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu, na fulana sikupewa. Nilipewa aproni ya Ma Siveria, aliyeacha kazi kabla yangu, mwanamke mnene, Mungu amrehemu. Ilinizunguka mwili mara mbili na bado kamba ikabaki.

Mmeniomba niwaandikie namna ya kulea miche. Nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imepotea njia, irudisheni nyumbani, msicheke. Nasikia safari hii miti haitakatwa mbao, itauzwa hewa yake. Nikamuuliza Devota, hewa inapimwa kwa debe au kwa kilo? Akasema, "Bibi, kwa tani." Haya. Nilizaliwa Kanazi, nikaolewa huku Muleba, njia ya kwenda Rubya, na sijaona mtu amejitwisha tani ya hewa. Lakini mche ni mche. Tuanze na udongo.

Kiriba, kile kifuko cha kuoteshea mche, kisijazwe hadi mdomoni. Acheni nafasi ya kidole juu, maji yapate pa kukaa. Kigongeni chini taratibu, udongo ushuke wenyewe. Msishindilie kwa ngumi kama mnaopakia kahawa gunia. Jua likiwa kichwani msiguse keni ya kumwagilia, mtachemsha mizizi. Na nyasi za kivuli mkizitandaza juu ya kichanja, ziwe nyembamba kiasi cha kuona anga kwa vipande. Mche unaolelewa gizani ukitolewa nje hulala chini kama mlevi.

Msindano, ule mti wa mbao wenye majani kama sindano, una mambo yake. Hauoti vizuri katika udongo wetu mtupu. Unachanganya na udongo uliochotwa chini ya misindano mizee, ule mweusi wenye nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Mimi sikujua. Mwanzoni kabisa nilipewa chekeche nichekeche udongo huo. Nikaziona zile nyuzi, nikasema ukungu huu, nikazitoa zote, nikazitupa shimoni, nikakaa nikijisifu kwa usafi. Miche ikaota, ikasimama kama vidole, halafu ikaanza kuwa njano kama mtoto mwenye kwashakoo.

Akaja Ta Leopoldi, mzee wetu wa kitalu, ndiye aliyenifundisha kazi. Akang'oa mche mmoja, akautazama mzizi.

"Ma Teopista, zile nyuzi nyeupe ulizipeleka wapi?"

"Nilizitupa, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Zilikuwa chafu."

Akacheka mpaka akaikalia ndoo. "Umemwogesha mtoto, ukamtupa mama yake!"

Ta Leopoldi alijifunza miche kwa bwana miti wa Kiingereza, zamani, kabla ya uhuru. Mikono yake ilijua kila kitu. Lakini alikuwa na jambo moja lililonitesa kulitazama. Akisikia gari la mradi, la Wazungu waliotuajiri kitaluni, linapanda kilima, alivua kofia. Gari bado liko mbali, linagugumia tu kwenye kona, yeye kofia mkononi. Siku moja gari lilikuja na dereva peke yake, Kaizilege, mtoto wa jirani yangu, alitumwa sukari. Ta Leopoldi akasimama kichwa wazi, jua linamchoma upara.

Kaizilege akaona haya. "Ta Leopoldi, vaa kofia, ni mimi."

"Najua ni wewe. Lakini gari ni lao."

Nilimwuliza baadaye, Ta, nani alikwambia uvue? Akasema, "Hakuna. Ukiivua mwenyewe, hakuna wa kukuvua." Alikuwa anaongea kwa upole, kama ananifundisha kupandikiza.

Nyumba ya mradi ilikuwa ile ya zamani ya Wajerumani, yenye baraza mbele na jiko nyuma. Tuliingilia nyuma. Msidhani kulikuwa na askari wa kutuzuia. Tulipita nyuma kwa sababu mama zetu walipita nyuma, na mlango wa mbele haukutujua. Hata Bwana Deusi, mtoto wa hapa hapa aliyesoma, mkalimani wa mradi, akija peke yake na viatu vyake vinang'aa alipanda barazani. Siku alipokuja na mama yake mzazi alimshika mkono wakazunguka nyuma. Nilimwona. Naye aliniona nikimwona, tangu hapo akawa ananisalimia haraka haraka.

Mkuu wa mradi alikuwa Bwana Hendriki. Nitasema ukweli, hakuwa mtu mbaya. Kiswahili chake cha kitabuni kilikuwa safi kuliko changu, na toroli alisukuma mwenyewe. Lakini sisi wanawake wa kitalu wote alituita Mama. "Mama, maji." "Mama, viriba." Akiita, wote tunainua vichwa, kisha wote tunainama tena isipokuwa yule anayetazamwa. Najua Mama ni heshima. Kwetu ukiniita Ma Teopista umenipa vyote viwili, heshima na jina langu. Ukisema Mama basi, kwa watu walioinama, unaita migongo.

Mimi jina la mtu halinipotei. Wazungu wote waliopita pale ninawakumbuka, na madereva wao, na mbwa wao mmoja aliitwa Bruno. Bruno alikuwa na jina. Kwa hiyo, Devota, na nyinyi wengine, siku ya kwanza kazini semeni majina yenu kabla ya kuulizwa. Mkisubiri kuulizwa mtazeeka.

Sasa Koleta.

Koleta alikuwa mwenzetu, nyumba yake chini ya yangu, watoto wetu walibatizwa pamoja. Kazi yake ya kawaida tu. Viriba vyake vilikuwa vimelala upande, ningeweza kuvitambua usiku kwa kupapasa. Ila alikuwa mrefu, shingo ndefu, na alitembea kama anayesikilizwa.

Siku moja akaja binti mmoja wa Kizungu, Klara, na kamera, kutoka huko kwao, apige picha za mradi. Tulikuwa tumeambiwa mapema. Mimi nikavaa gomesi yangu ya zambarau na viatu vyeusi ambavyo mume wangu Anselmi alininunulia Bukoba mjini. Ma Adventina alivaa kitenge kipya, Ma Evodia akajipaka mafuta mpaka anateleza. Tukajipanga. Koleta alikuwa amesahau! Akatokea moja kwa moja rweyani, kule kwenye majani ya mlimani, peku, kanga imechanika, mzigo wa nyasi kichwani, jasho linamtiririka.

Binti Klara akapiga kelele ya furaha, mikono mashavuni. Akamzunguka Koleta kama jogoo. Mimi nikasogea niingie pembeni ya picha, na yule binti akanipungia mkono kama anayefukuza inzi.

"Viatu," akasema.

"Nivivue?" nikamuuliza Bwana Hendriki.

"Hapana, Mama, wewe umependeza sana. Lakini anatafuta mtu halisi."

Mtu halisi! Ma Evodia akaniinamia sikioni, kwa sauti ya kubembeleza. "Ma Teopista, bojo, kumbe wewe ni feki." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kicheko kilinikwama hapa kooni na mpaka leo hakijashuka.

Tangu siku ile Koleta aliitwa Koleta. Wageni wakija, "Koleta yuko wapi?" Alipandishwa barazani kwa mlango ule wa mbele, akapewa chai ndani ya kikombe chenye sahani yake. Sisi tulikunywa kwenye vikombe vya bati vinavyounguza midomo, tumeketi kwenye magogo nyuma ya jiko, na kutoka pale tuliweza kumwona kisigino tu, kisigino cha Koleta barazani, peku, kinachezacheza.

"Anakunywa au anabusu?" nikasema. "Tazama anavyokishika, kama msalaba wa Ijumaa Kuu."

"Na wewe ungekishikaje?" Ma Adventina akauliza.

"Mimi ningekunywa nikamaliza."

Mtaniuliza, Bibi, mbona wivu wako haukwenda kwa Bwana Hendriki, aliyekuwa na nyumba, gari, vikombe vyote na sahani zake? Hamjaishi. Mtu haionei wivu mvua. Wivu ni wa jirani, wa yule mliyechota naye maji kisima kimoja halafu asubuhi moja ukamkuta ana kikombe. Walipompandisha Koleta peke yake, sisi tulimtazama Koleta. Hakuna aliyetazama ngazi.

Sasa nifike kwenye rweya, maana ndiyo iliyotutoa jasho.

Nyinyi mnajua kibanja. Migomba, kahawa, makaburi ya wazee. Kibanja ni cha mwanamume, kinatoka kwa baba kinakwenda kwa mwana. Cha mwanamke ni rweya, yale majani wazi ya mlimani. Mgeni akisimama pale haoni kitu. Hakuna ua, hakuna nyumba. Lakini kila mwanamke alikuwa na mahali pake, na mpaka ulikuwa kichwani. Pale tulipanda njugumawe. Pale tulikata nyasi za kutandaza chini ya migomba, na zile laini za kutandika ndani ya nyumba. Msimu wa senene tulikesha pale na ndoo zetu. Rweya ikienda, mwanamke anabaki na sufuria ya mume wake.

Sehemu ya juu, yenye mawe na upepo, kijiji kilikubali ipandwe misindano. Sawa. Lakini baada ya mvua za vuli Bwana Hendriki alianza kushuka na kamba na mambo, vile vijiti vya kupimia. Kila tukitazama, vijiti vimeshuka. Vikafika sehemu ya chini, karibu na chemchemi, kwenye nyasi laini na njugu zetu.

Nikamfuata. "Bwana, huku ni kwetu."

Akafurahi kuniona, akanyoosha mkono wake mrefu. "Mama, tazama! Yote hii ni ardhi tupu. Miaka kumi, itakuwa msitu."

Niliporudi kitaluni nikamsimulia Ta Leopoldi. Akaacha kupogoa mizizi. "Ardhi tupu," akasema. "Bwana miti wangu wa Kiingereza alisema hivyo hivyo, amesimama pale pale. Na nyanya wa mume wako alikuwa anapalilia mbele yake."

Tukakaa wanawake tukazungumza. Wageni wakubwa wa mradi, wale wenye kauli, walikuwa wanakuja kukagua. Siku hiyo mmoja wetu angeambiwa azungumze kwa niaba ya wanakijiji. Tukakubaliana, atakayesimama aiombee sehemu ya chini. Asipoiombea siku ile, vijiti vimesimikwa na misindano inaingia.

"Aseme Ma Teopista," Ma Evodia akasema. "Ana mdomo, na anamjua kila mtu na tuta lake."

Wote wakaitikia, hata Koleta aliitikia. Mimi usiku ule sikula, nilikuwa natunga maneno kama padri anayetunga mahubiri.

Kesho yake Bwana Hendriki akaja na tabasamu. "Siku ya wageni," akasema, "atazungumza Koleta."

Koleta alinitazama mimi. Mimi nilikitazama kiriba changu.

Jioni alinifuata jikoni kwangu, akasimama mlangoni, haingii.

"Ma Teopista, nisaidie. Niseme nini?"

"Wewe si mtu halisi? Sema uhalisi."

"Bojo, usinifanyie hivi. Njugu zangu nazo ziko kule."

"Basi ziulize hizo hizo njugu, zikufundishe kuongea."

Akasema, "Sikuomba kile kikombe." Akaondoka. Nami nikabaki nakoroga uji mpaka ukashika sufuria.

Siku yenyewe ilipofika, alfajiri tulikwenda wote sehemu ya chini tukakata nyasi laini, zile ambazo bado zina umande. Mnajua desturi, ijapokuwa siku hizi mna sakafu za saruji. Mgeni wa heshima, au arusi, au Krismasi, nyumba inatandikwa nyasi mpya. Zinapangwa, vichwa vinaelekea upande mmoja, mpaka sakafu inakuwa kama ngozi ya mnyama mwenye afya, na harufu yake inakuingia puani kabla hujakaribishwa. Tulitandika banda lote la mkutano. Lilikuwa wazo langu. Nilisema hata wakimkataza mtu kuongea, wageni watakaa juu ya maneno yetu. Watauliza nyasi nzuri hizi zinatoka wapi, na sisi tutaonyesha.

Binti Klara akaingia. Akasimama. Akainua mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga maji. Akamwambia Bwana Hendriki maneno, naye Bwana Hendriki akatuambia kwa upole wake ule ule.

"Mama zangu, asanteni, lakini wageni wanaogopa viroboto. Tafadhali mfagie, tutaleta viti vya plastiki."

"Ni mpya, bwana," Ma Adventina akasema. "Zimekatwa leo. Kiroboto angetoka wapi, alilala rweyani?"

"Tafadhali, Mama."

Tukafagia. Mama yangu mzazi, Paskazia, alinisimulia kwamba alipokuwa msichana, bwana afya wa Kiingereza alipita nyumba kwa nyumba na fimbo, akifunua nyasi za sakafuni, akisema nyinyi mnalala kama ng'ombe, toa nje. Mama alifagia. Na mimi nafagia. Tofauti ni kwamba mimi niliambiwa tafadhali.

Wageni wakaja, wakaketi kwenye plastiki. Ta Leopoldi nje, kofia mkononi. Na Koleta? Koleta alikuja amevaa viatu! Viatu vya dada yake wa Bilele, kule Bukoba mjini, vyeupe, vya kisigino. Nikasema moyoni, ahaa, na wewe. Binti Klara akamfuata mbio, akamnong'oneza akionyesha chini, na Koleta akavivua. Akavishika mkononi nyuma ya mgongo, akasimama navyo hivyo hivyo mbele ya watu wote. Nilifurahi. Si sana. Kiasi cha kijiko.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi, akaomba kitu. Bwana Deusi akatafsiri: Koleta aseme Kihaya, maana wageni wangependa kuisikia lugha yenyewe.

Koleta akasema. Na nitampa haki yake, alisema vizuri. Alisema, waitu mmekuja salama, miti ya juu tumeilea kwa mikono yetu na itakua. Lakini huku chini msishuke. Huku chini tunakula. Huku chini tunakata nyasi za kuwapokea wageni kama nyinyi, ambazo zimefagiwa leo asubuhi. Mkituchukulia huku mmetuachia nini? Alisema shingo ile ndefu imenyooka. Ma Evodia alikuwa analia.

Wageni wakapiga makofi.

Wakapiga makofi, watoto wangu, kwa furaha, kama mtu aliyesikia ndege akiimba! Bwana Deusi akasimama, akajifuta paji la uso, akatafsiri kwa maneno machache. Kiingereza sijui, ila lile neno la asante hata kuku wa nyumba ile walilijua. Nililisikia mara mbili. Wakapiga makofi tena.

Simlaumu sana Deusi. Alikuwa na mke, na viatu vyake vile, na mlango wa mbele.

Kuna watu wameniambia baadaye kwamba niliinuka kwa ajili ya ardhi. Waache waseme. Niliinuka kwa sababu ya yale makofi. Koleta anaomba tusinyang'anywe, na hata kwa hilo anapigiwa makofi! Miguu ilinisimamisha kabla sijaishauri.

"Bwana Hendriki," nikasema kwa Kiswahili, maana hicho anakijua, "Koleta hajashukuru. Amesema msishuke chini."

"Mama, tafadhali, keti."

"Si Mama. Ni Teopista Kemilembe. Na ile ardhi unayosema ni tupu, ngoja nikuonyeshe waliomo. Kuanzia kwenye chemchemi, ni kwa Adventina Kokushubira."

Nikamtazama Ma Adventina. Akashtuka, akasimama. "Nipo."

"Juu yake, kwenye jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala, ni kwa Evodia Kokubanza."

"Nipo!" Huyu alipiga kelele, na mafuta yake.

"Anayefuata ni Siveria, amekufa, analima binti yake Jenestina."

"Nipo."

Nikawaita wote. Wengine hawakuwa wa kitalu, walikuwa wamesimama nje wanatazama mkutano, nao wakaitika kutoka nje. Nipo. Nipo, bibi. Banda likajaa watu waliosimama. Nikafika pa mwisho, kwenye nyasi laini kuliko zote, nikanyamaza. Nilitaka kupaacha. Mungu ananiona.

"Na mwisho," nikasema, "ni kwa Koleta Kokugonza."

"Nipo," Koleta akasema, viatu mgongoni.

Yule mwanamke mwenye mvi akamgeukia Bwana Hendriki akauliza. Bwana Hendriki alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Deusi akataka kufungua mdomo, Bwana Hendriki akamzuia kwa mkono, akatafsiri mwenyewe, na safari hii ilikuwa ndefu. Yule mama mwenye mvi alisikiliza, hakupiga makofi. Hapo ndipo nilijua amesikia.

Kabla ya msimu wa kupanda vijiti vya sehemu ya chini viling'olewa. Misindano ikaishia kwenye mawe. Sehemu ya chini ipo mpaka leo, mnapita juu yake mkienda kazini na fulana zenu.

Mnadhani hadithi imeisha vizuri. Subirini.

Mkutano ulipofumuka nilisimama karibu na mlango, najua yule mama mwenye mvi atanijia. Alikuja. Akanipita, nguo yake ikagusa mkono wangu, akaenda akamshika Koleta mikono yote miwili, akamtikisa, machozi machoni. Binti Klara kamera juu. Nikageuza uso, nikajiambia, labda anamsalimia kwanza mwenye hotuba, atarudi kwangu. Wakaingia garini.

Mwaka uliofuata ikaja kalenda ya mradi. Mwezi wa sita, Koleta. Amesimama mbele ya banda, peku, mkono mmoja ameunyoosha mbele kwa kidole, uso mkali, kama anayeonyesha nchi yake ya ahadi. Mwanangu, mama yake Devota, akanisomea maandishi ya chini, ya Kiingereza. Yanasema Koleta, mwanamke wa kijijini, aliwataja kwa majina wanawake wenzake na kuokoa ardhi yao.

Kwa majina! Kalenda ile ilitundikwa ofisi ya kijiji, shuleni, dukani kwa Abdallah. Waliosoma wakasoma. Wengi wao walikuwepo siku ile, walinisikia kwa masikio yao, lakini maandishi yana nguvu. Na wale wageni, mimi na Koleta hatufanani hata vivuli! Mimi mfupi, mweusi tii, nina mwanya. Siku ile nilikuwa na gomesi na viatu. Lakini kichwani mwao kulikuwa na nafasi ya jina moja la mwanamke wa huku, na lilishajaa. Polepole watu wakaanza kuiita ile sehemu ya chini kwa Koleta. "Unakwenda wapi?" "Nakata nyasi kwa Koleta." Watoto waliozaliwa baadaye hawajui jina jingine.

Sikumsalimu vizuri miaka mingi. Nilimsalimu kanisani, tu. Akahamia Bilele kwa binti yake, nikasema afadhali.

Msimu wa mvua uliopita alikuja kumzika Ma Adventina. Amekonda, anatembelea fimbo, shingo bado ipo. Baada ya mazishi akanifuata nyumbani, akaketi bila kukaribishwa kama zamani. Nikampikia ndizi, maana mgeni ni mgeni. Tukala. Nikashindwa kuvumilia.

"Koleta, yule mama mwenye mvi alipokushika mikono, kwa nini hukumwambia kwamba ni mimi?"

Akaacha kutafuna. "Nilimwambia."

"Ulimwambia?"

"Nikasema si mimi, ni Teopista. Deusi akatafsiri, nilisikia jina lako. Wakauliza Teopista ni yupi. Ulikuwa umesimama pale mlangoni, umenuna. Nikanyoosha kidole nikuonyeshe." Akanyoosha mkono wake mkavu kuelekea mlango wangu. "Hivi. Na yule binti akapiga picha, kisha wakaitwa garini."

Miaka yote nilidhani anaonyesha shamba.

"Kwa hiyo kile kidole..."

"Ni wewe. Uko nje kidogo ya picha, upande wa kulia." Akachukua kipande kingine cha ndizi. "Na ungesogea hatua mbili, Ma Teopista. Lakini wewe ulitaka ufuatwe."

Nimemwamini. Koleta hakuwahi kuwa mwongo, hata viriba vyake vililala waziwazi. Tulicheka sana siku ile, mpaka akapaliwa nikampiga mgongoni, pengine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jioni binti yake akaja na pikipiki ya kukodi kumchukua.

Asubuhi yake nikachukua mundu, nikashuka kukata nyasi za kutandaza migombani. Wakati wa kurudi, mzigo kichwani, nikakutana na Ma Evodia anashuka chemchemini na kopo lake.

"Ma Teopista, nyasi nzuri hizo! Umezitoa wapi?"

"Kwa Koleta," nikasema.